Ndege Kupishana Chupuchupu



Tarehe 5 Machi 2024 ndege ya abiria iliyotoka Wilson kwenda Diani, yenye watu 44, iligongana na ndege ndogo ya mafunzo juu ya Mbuga ya Nairobi. Kubwa ilirudi salama. Katika ndogo, mwalimu na mwanafunzi wake walikufa wote wawili.

Ndege kubwa huwa na chombo cha kumwonya rubani, lakini hakitambui ndege isiyotoa ishara za redio. Hapo hubaki macho, na sauti ya mtu wa mnarani.

Siku nyingine hupishana chupuchupu tu, na watu husema yamekwisha. Hayajaisha! Tuandike siku ile ile saa, mahali na kimo, tusiogope kufukuzwa. Na aliyechoka mnarani apumzishwe, hilo tunalidai.