Mchagua Jembe si Mkulima. Asiye na Jembe Je?



Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Sina ugomvi nao. Lakini leo nina swali dogo: na yule asiye na jembe kabisa, tumwite nani?

Ninaye mpwa wangu, kijana wa miaka 23, fundi seremala hapa Dar es Salaam. Kazi aliijifunzia Keko, kule ambako vitanda na makabati hupangwa kando ya barabara. Mikono anayo, jicho analo. Hakuwa na randa. Kila asubuhi aliazima ya mwenzake, na kila jioni alimkatia shilingi 2,000, awe amepata kazi au amekosa. Siku moja akapata kazi ya mlango wa mninga, akapokea na malipo ya awali. Jioni ile ile mwenye randa akamwambia, "Kuanzia kesho naihitaji mwenyewe." Mlango ulitakiwa baada ya siku nane, na fedha za awali zilikwisha kununua mbao.

Akaja kwangu. "Shikamoo mjomba." "Marahaba, kuna nini?" Akanieleza. Nami, kwa kiburi cha mtu mwenye mshahara, nikaenda mjini nikamnunulia randa mpya ya chuma, inang'aa kama sahani ya harusi. Haikumaliza mbao mbili, makali yakalala. Tukanoa, yakalala tena. Chuma kilikuwa laini mno. Niliporudi dukani nikaambiwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Nikafoka. Kijana hakufoka. Alisema tu, "Mjomba, tutengeneze yetu." Nikamcheka. Nilidhani randa ni kitu cha kiwandani.

Ndugu wasikilizaji, ujinga ulikuwa wangu. Randa ya chuma ya namna tunayoijua leo ilitengenezwa na Mmarekani Leonard Bailey katikati ya karne ya 19, na kampuni ya Stanley ilinunua haki zake mwaka 1869. Kabla ya hapo, fundi wa kawaida wa Ulaya au Marekani alitumia randa ya mti. Hata katika karne ya 20, James Krenov, mzaliwa wa Siberia aliyefundisha useremala California, alijitengenezea randa zake za mti na akawafundisha wanafunzi wake kufanya vivyo hivyo. 

Basi tukaanza, uani kwangu, kwenye meza moja yenye jiriwa. Kosa la kwanza nililifanya mimi: nilileta kipande kibichi, na siku mbili hazikupita kikajipinda. Kijana akaenda kuchomoa nguzo ya mninga ya kibaraza cha zamani, iliyokauka miaka mingi. Mninga mkavu hautikisiki ovyo. Akakata kipande cha sentimita 30, akapasua mashavu mawili ya pembeni, akabaki na kiini. Kiini hicho akakikata mshazari, nyuzi 45, mahali pa kulaza chuma, na mbele akakata mshazari wa kutazamana nao ili maranda yapate pa kutokea. Kisha akarudisha mashavu kwa gundi, akaweka kijiti imara cha kukingama, akafunga kwenye jiriwa mpaka asubuhi.

Chuma tulikipata Gerezani: kipande cha springi ya gari. Mhunzi alikinyoosha, akakichonga, akakitia motoni mpaka sumaku ikakataa kukishika, akakizamisha katika oili. Hapo kikawa kigumu lakini chepesi kuvunjika kama kioo, kwa hiyo akakipasha tena polepole mpaka kikageuka rangi ya majani makavu. Ugumu ukabaki, wepesi wa kuvunjika ukapungua. Akakitoza kabari chini ya kile kijiti, na randa ikakamilika.

Ikakamilika, lakini haikufanya kazi. Ilichimbua mbao badala ya kuilainisha. Nikamwambia, "Basi mwanangu, tukaazime." Hakunijibu. Aliigeuza, akatazama chini, ule upenyo ambao makali hutokea. Ulikuwa mpana, kidole cha mtoto kingepita. Sehemu iliyo mbele ya makali ndiyo inayokandamiza nyuzi za mti zisichomoke kabla hazijakatwa. Upenyo ukiwa mpana, hakuna wa kuzikandamiza. Akagandisha kipande cha mti mgumu mbele ya makali, akabakiza nafasi ya unene wa karatasi chache. Akakaza kabari, akarudisha makali ndani kidogo, kisha akasugua tumbo la randa juu ya msasa uliotandazwa kwenye kioo mpaka likanyooka. Akagonga chuma kwa nyundo ndogo, kikatokeza kidogo sana.

Safari hii ilitoa mlio mwororo, na randa ikatema maranda membamba, unaweza kuona mkono kwa nyuma yake. Mninga ukabaki unang'aa bila msasa. Ilikuwa siku ya sita. Siku ya nane, saa kumi jioni, mlango ulibebwa kwa mkokoteni kwenda kwa mwenyewe.

Wiki iliyofuata yule aliyekuwa akimwazima alikuja. Akaishika ile randa ya mti, akaijaribu, akauliza bei. Kijana akamjibu, "Siuzi, kaka. Lakini ukija na kipande kikavu, nitakuonyesha." Nami nilikuwa nimesimama pale, na randa yangu ya sahani ya harusi iko kabatini mpaka leo.

Vijana wetu wengi humaliza mafunzo wakiwa na cheti mkononi na kazi kichwani, kisha hukaa miaka wakimgawia mwenye kifaa jasho lao. Ombi langu ni dogo. Wewe unayefundisha ufundi, chuoni au chini ya mwembe, kabla mwanafunzi hajatengeneza kiti cha mtu mwingine, mwache atengeneze randa yake mwenyewe. Itamchukua siku chache na mti wa kuokota. Akiiharibu, atajua kwa nini, akiifaulu, hakuna atakayemwambia jioni, "Kuanzia kesho naihitaji mwenyewe."

Wahenga walituonya tusichague jembe. Hawakutukataza kulifua.

Kwa leo naishia hapa. Tukijaaliwa, tukutane juma lijalo.