Jiko Lililoshinda Tuzo ya Dunia



Tuzo za kimataifa za mazingira zikitajwa, wengi humkumbuka Profesa Wangari Maathai na Nobeli ya mwaka 2004. Ni haki yake. Lakini leo tuangalie jikoni.

Charlot Magayi alikulia Mukuru, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, na aliwahi kuuza makaa. Mwaka 2012 binti yake mdogo aliungua vibaya kwa jiko la makaa. Mama huyo akatafuta jiko salama zaidi, na mwaka 2017 akaanzisha Mukuru Clean Stoves. Majiko yake huundwa kwa vyuma chakavu. Fueli yake hutokana na makaa, mbao na miwa (watu wa Soin watatabasamu hapo), na moshi wake ni kidogo sana kuliko wa moto wa wazi. Mwaka 2022 alishinda Tuzo ya Earthshot, pauni milioni 1.

Injinia kijana Nzambi Matee naye alituzwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa mwaka 2020. Huchanganya taka za plastiki na mchanga kutengeneza kabro.

Hakuna aliyeanza na tuzo. Magayi alianza na mtoto aliyeungua.

Hapa Kiptere, mama anayepikia mawe matatu anakohoa, na mtoto aliye mgongoni anavuta moshi uleule. Vijana wa jua kali, vyuma chakavu mnavyo. Huyo mama ndiye wa kwanza kumuuliza jiko liwe namna gani.