Tukutendereza na Nafsi ya Aliyeungama



Mintarafu ya athari ya nyimbo za Injili katika nafsi ya mtu, aghalabu husifiwa utamu wa sauti, au umahiri wa mtunzi, au uzito wa maneno. Nami, pasipo kuzidunisha sifa hizo, nadai kwamba wimbo unaomganda mwamini maisha yake yote ni ule alioimbiwa na wenziwe saa ile alipokuwa hana la kujitetea. Shahidi wangu ni Tukutendereza, pambio la Kiganda ambalo waumini wa Rwanda, Kenya na Tanganyika, wengi wao wasiojua Kiganda hata cha kuombea maji, walilifanya mali yao.

Mwaka 1929, juu ya kilima cha Namirembe, Kampala, daktari Mwingereza Joe Church, aliyehudumu katika hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, alikutana na Simeon Nsibambi, Mganda mcha Mungu, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Na katika miaka iliyofuata ukazuka huko Gahini Uamsho uliovuka mipaka ya makoloni, usio na kadi ya uanachama wala makao makuu, ila mikutano ya ushirika, maungamo ya hadharani, na pambio hilo.

Desturi ya ndugu wa Uamsho yataka kutazamwa kwa karibu. Husimama mtu mbele ya kadamnasi, pengine mtumishi wa hospitali, akalitaja blanketi aliloiba ghalani, au mume akakiri anavyompiga mkewe, na mkewe yuko papo hapo, upande wa wanawake, anasikia. Hajamaliza kujifuta machozi, mama mmoja mtu mzima analianzisha pambio, pasipo kinanda wala kitabu, wengine wakalidaka, wakamwendea kumkumbatia. Kesho yake blanketi hurudishwa. Mtu huyo alitazamia fedheha, akapokewa kwa lahani. Basi akija kulisikia pambio lile uzeeni, katika arusi ya mjukuu au matanga ya jirani, humrudia ghala, blanketi, na mikono ile.

Simaanishi kwamba Uamsho ulikuwa rehema tupu. Ndugu hao waliweza kuwa wakali, tena wajuaji. Mwaka 1941, katika chuo cha theolojia cha Mukono, wanafunzi 26 walifukuzwa kwa kushikilia maombi yao ya alfajiri na mahubiri yao kinyume cha amri ya wakubwa, na sidhani kwamba wakubwa walikosa kila sababu ya kuchoka nao. Naye aliyedhaniwa ameungama nusunusu aliweza kusimama, akasema, akaketi, na asiwepo wa kumwanzishia. Nadhani kimya hicho nacho kilidumu moyoni kama wimbo.

Athari ya pambio hilo ilitiwa mizani Ukikuyuni tangu 1952, siku za hali ya hatari, ambapo wengi wa ndugu wa Uamsho walikataa kiapo cha Mau Mau, na baadhi yao wakakataa vilevile kushika bunduki za serikali, hata wapo waliouawa. Wanahistoria hutaja itikadi yao, na ni haki. Lakini kiapo kile kilimtaka mtu afunge kinywa mbele ya jirani zake, na hawa walikuwa wamekwisha kusema yote mbele ya jirani haohao, wakaimbiwa.