Mfalme Tunayemwimbia

Neno kwa wanakwaya na waumini katika ibada ya shukrani ya miaka 25 ya kwaya



Tangu asubuhi tumeimba kuhusu Mfalme. Katika miaka hii 25 sidhani imepita Jumapili ambayo hatukumwita Yesu kwa jina hilo. Kabla hatujakata keki, naomba tuulizane: Mfalme huyu ni wa namna gani, na kumfuata kunagharimu nini?

Twende kwanza Yerusalemu. Bwana aliingia mjini akiwa amepanda mwana-punda, tena wa kuazima. Mfalme aendaye vitani hupanda farasi. Huyu, kama alivyotabiri Zekaria, alikuja kwa unyenyekevu akileta amani. Siku chache baadaye alijifunga kitambaa, akainama, akawaosha wanafunzi wake miguu, hata yule aliyekusudia kumsaliti. Hapo nyuma, watu walioshiba mikate walipotaka kumtawaza kwa nguvu, aliwaacha akapanda mlimani peke yake. Taji aliyoikubali ilikuwa ya miiba.

Kumwimbia hosana Jumapili hakukumshinda mtu. Kusimama naye Ijumaa ndiko kulikowashinda wengi.

Sasa tuje karibu na nyumbani, ng'ambo ya Ziwa Victoria. Tarehe 31 Januari 1885, wakati wa utawala wa Kabaka Mwanga wa Buganda, vijana watatu waliokuwa wakifundishwa na wamisionari wa CMS walichomwa moto kwa sababu ya imani yao. Walikuwa Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, ambaye alikuwa bado mtoto. Inasimuliwa kwamba walikufa wakiimba wimbo wa kumsifu Yesu, walioujua kwa Kiswahili. Fikirini, wanakwaya: hawakuwa na kinanda, wala sare, wala mtu wa kuwapigia makofi.

Mwaka uliofuata, tarehe 3 Juni 1886, Waanglikana na Wakatoliki waliteketezwa pamoja Namugongo. Wafia dini wanaokumbukwa wa miaka ile ni 45: Waanglikana 23 na Wakatoliki 22. Wengi wao walikuwa vijana wahudumu wa ikulu. Walimtumikia Kabaka wao kwa uaminifu. Walichokataa ni kumpa kile kilicho cha Mungu peke yake.

Na Mwanga je? Kiti chake hakikudumu. Mwaka 1899 Waingereza walimpeleka uhamishoni, akaishia Shelisheli. Huko alibatizwa kwa jina la Danieri, na huko akafariki mwaka 1903. Aliyewaua vijana kwa ajili ya jina la Yesu alikuja mwenyewe kwa Yesu yule yule, wala hakufukuzwa. Ndivyo anavyotawala Mfalme mnyenyekevu: hata adui yake humfungulia mlango.

Sisi hatuchomwi moto, lakini gharama ipo. Mwenzetu mmoja wa kwaya hii alikataa kutia sahihi risiti ya uongo kazini, akafutwa. Alikaa miezi minane bila mshahara. Kila Jumamosi alikuja mazoezini kwa miguu, akasimama safu ya nyuma, akaimba. Wengi wetu hatukujua hadi baadaye. Nikiulizwa kwaya hii imefanya nini kwa miaka 25, nitamtaja yeye kabla ya kanda tulizorekodi.

Nami sina budi kusema lingine. Mnakumbuka tulivyogombana juu ya sare. Sauti ya kwanza na sauti ya tatu tulikaa majuma kadhaa bila kusalimiana kwa sababu ya rangi ya kitambaa, na Jumapili tukasimama hapa mbele kumwimbia Bwana aliyeosha miguu ya watu. Mimi nilikuwa kati ya waliosema maneno makali zaidi. Mwenye kuumia yuko hapa leo. Ndugu yangu, sijawahi kukuomba msamaha. Nakuomba sasa, mbele ya kanisa.

Katika Mambo ya Walawi 25, jubilei ni mwaka wa kuachilia: watumwa waliachwa huru, na mashamba yakarudi kwa wenyewe. Basi na tuachilie. Mwenye kinyongo akiache hapa madhabahuni. Anayesubiri kuombwa msamaha na aanze yeye kunyosha mkono.

Bwana alituonya tuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Huenda tulianza kuimba bila kuhesabu. Leo tuhesabu, kisha tuimbe tena, tukijua tunamwimbia nani. Yeye alilipa kwanza.

Mungu awabariki, na aijalie kwaya yetu miaka mingine mingi. Amina.