Kipimo Kwanza, Intaneti Baadaye

Mpango wa kimataifa wa GLOBE ulianza kazi mwaka 1995, na Kenya ni mwanachama. Wanafunzi hupima mvua na halijoto shuleni kwao, kisha huweka takwimu kwenye intaneti ili madarasa ya nchi nyingine yazilinganishe na zao.

Halijoto hupimwa karibu na adhuhuri. Darasa likichelewa saa tatu, ulinganisho unaharibika. Kwa hivyo, pangeni zamu mapema. Stima ikipotea, mradi haufi: nambari hukaa daftarini, hutumwa baadaye. Siku isiyopimwa hairudi. Iacheni wazi. Nambari ya kubuni huwapotosha watoto wa mbali wanaoitegemea, na huwafundisha wetu udanganyifu.