Kabla ya Kengele ya Kipindi cha Kwanza

Mwalimu, leo somo ni umeme, na maabara haina betri wala balbu. Ukiwa na simu janja au kompyuta, tafuta PhET, majaribio ya sayansi yaliyoanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobeli ya Fizikia, katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Ni bure. Mwanafunzi anaburuta waya, anaunga betri na balbu, taa inawaka. Akiunga waya peke yake kutoka ncha moja ya betri hadi nyingine, betri inashika moto pale kwenye skrini. Darasa linacheka, na shoti imeeleweka. Jaribio ukishalipakua linafanya kazi hata bando likikata.

Kwa mwalimu wa madarasa ya chini, African Storybook ya shirika la Saide, Afrika Kusini, ina hadithi za watoto kwa Kiswahili na lugha nyingi za Afrika. Unaruhusiwa kuzichapa, kuzitafsiri, hata kuzibadili. Vitabu vya kiada vya Tanzania vimo katika Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu.

Na makundi ya WhatsApp? Mazuri, yakipata msimamizi mkali. Kundi dogo la walimu wa somo moja, wanaobadilishana maandalio ya somo na mitihani, lina faida kuliko lile lililojaa salamu za asubuhi na matangazo ya mikopo. Maswali ya kundini yafanye mwenyewe kwanza, maana majibu yake hukosewa. Picha za wanafunzi na alama zao zisiingie humo kabisa.