KLACHI INAYOTELEZA NA KARATASI NILIYOTIA SAHIHI

(Maneno ya fundi mmoja, mwanachama wetu, mbele ya mkutano wa tawi la Muhoroni. Tumeyaandika kwa ajili ya ndugu waliokuwa zamu wasiweze kufika.)



Nimeombwa niseme habari ya klachi ya pikipiki, hasa pikipiki iliyozeeka, maana ndizo tulizo nazo. Manyapara wa miwa wanazipanda kila siku, makarani wanazipanda, na wako ndugu hapa ambao zamu ikiisha wanabeba abiria mpaka usiku ili ada ya shule ipatikane. Nimesikia mmoja akinong'ona kwamba hayo ni mambo ya gereji, si ya chama. Ngoja kidogo, ndugu yangu, utaona kama si ya chama.

Kwanza tujue klachi ni kitu gani. Kati ya injini na gia kuna pleti zimepangwa kama chapati kwenye sahani: moja ina vipande vya kushika, inayofuata ni chuma kitupu, kisha tena yenye vipande, hivyo hivyo mpaka mwisho. Juu yake kuna springi zinazozibana. Zikibanwa, zinazunguka pamoja na mashine inakwenda. Ukivuta mkono wa klachi, springi zinalegezwa na pleti zinaachana, ndipo unabadili gia. Basi zisipobanwa vizuri, au zikiwa hazishikani tena, injini itazunguka na gurudumu litabaki nyuma. Huko ndiko kuteleza.

Utaijua mlimani. Ukitoka hapa kwenda Koru na Fort Ternan barabara inapanda. Uko gia ya juu, unaongeza mafuta, injini inapiga kelele zaidi lakini mwendo hauongezeki. Baadaye unasikia harufu ya kitu kuungua. Ukifika hapo kwenye harufu umechelewa, ila hujapotea.

Sasa nitawaambia jambo la aibu yangu mwenyewe. Mwaka 2011 nilikuwa fundi katika shamba moja, sitalitaja. Nyapara mmoja alikuwa na Yamaha AG100, ile mashine ya shamba yenye keria mbele na nyuma na mnyororo uliofunikwa. Katika mvua za Aprili, kwenye udongo wetu mweusi, klachi ikaungua. Ofisi ikaleta karatasi iliyokwisha kuandikwa: klachi imeharibiwa na dereva. Mimi nikatia sahihi kabla ya kufungua hata bolti moja. Nilikuwa na haraka, na karatasi ilitoka kwa mkubwa. Yule ndugu akaandikiwa kukatwa Sh. 4,500.

Jioni nikaifungua mashine. Kabla ya kutoa kifuniko nikashika mkono wa klachi, nikakuta haucheki hata kidogo. Waya umekaza kama kamba ya ng'ombe. Ndipo nikakumbuka. Mwezi wa Januari yeye alileta mashine akisema gia zinaingia kwa shida, na aliyekaza waya ule ni mimi.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na mimi nilikosea ingawa ni fundi. Tumezoea breki. Breki ikiisha, mkono unalegea, tunakaza. Klachi ni kinyume chake. Pleti zikiisha zinakuwa nyembamba, na ule mchezo wa mkono wa klachi unapungua wenyewe mpaka unakwisha. Ukishakwisha, ni sawa na dereva anayevuta klachi kidogo mchana kutwa: springi hazibani kwa nguvu zote, pleti zinasuguana, zinapata moto, zinaisha upesi zaidi. Mimi niliacha mchezo mdogo mno mwezi wa Januari, pleti zikaula mpaka Aprili. Dereva hakufanya kosa lo lote ila kwenda kazini.

Kwa hiyo mashine ikianza kuteleza, usikimbilie kununua pleti. Anza na waya, maana hauna gharama. Mwisho wa mkono wa klachi lazima uchezecheze kama milimita 10 hadi 15, yaani kama upana wa kidole, kabla ya kuanza kuwa mzito. Kama hakuna mchezo, legeza nati iliyo kwenye hendeli, na kama haitoshi legeza ile ya chini karibu na injini. Geuza hendeli kushoto na kulia. Kama mchezo unabadilika, waya umepita mahali pabaya. Kama waya umekwaruzika ndani haurudi vizuri, badili. Mara nyingi ugonjwa unaishia hapo hapo, na pesa yako imebaki mfukoni.

Pili, oili. Pikipiki nyingi za siku hizi, zile za stroki nne, zinatumia oili moja kwa injini na klachi. Pleti zinaogelea ndani yake. Oili nyingine za magari zina dawa ya kupunguza msuguano ili gari lile petroli kidogo. Kwa gari ni vizuri. Kwa klachi yetu ni sumu, maana kazi ya klachi ni kushikana. Tazameni kwenye mkebe herufi JASO MA. Hiyo ndiyo oili ya pikipiki yenye klachi ya kuogelea. Ikiandikwa MB, iache, hiyo ina utelezi. Mashine za stroki mbili kama ile AG100 zina oili ya gia peke yake, mbali na ile inayoungua pamoja na petroli, usizichanganye. Kama uliwekewa oili mbaya, imwage, weka nzuri, endesha siku mbili tatu, kisha imwage tena. Pleti zisipokuwa zimeungua huenda zikapona.

Waya ukiwa mzuri na oili ikiwa nzuri, na bado inateleza, hapo fungua. Mashine nyingi za Japani na za India klachi iko upande wa kulia. Mwaga oili, toa kifuniko polepole usiichane gasketi, legeza bolti za springi kidogo kidogo kwa zamu, si moja mpaka mwisho. Toa pleti moja moja na uzipange mezani kwa utaratibu ule ule zilivyotoka. Nimewaona vijana wakizirusha zote kwenye karai, kisha wanatafuta ipi ilikuwa ya kwanza.

Zitazame. Zenye vipande, pima unene ukilinganisha na mpya. Zikiwa nyembamba, au vipande vimekuwa vyeusi vinang'aa, hazifai. Zile za chuma zilaze juu ya kioo. Ikicheza imepinda kwa moto. Rangi ya buluu ni alama kwamba iliungua. Springi zisimamishe pamoja na mpya moja: zikiwa fupi zimechoka, nazo hubadilishwa zote, si moja. Halafu pitisha kidole kwenye meno ya nyumba ya klachi. Kama pleti zimechimba vijishimo, zitakwama humo. Vikiwa vidogo sawazisha kwa tupa. Vikiwa virefu nyumba yenyewe imekwisha. Pleti mpya ziloweke kwenye oili safi kabla ya kuzifunga, usiku mzima ukiweza. Kaza springi kwa msalaba. Mwisho kabisa rekebisha waya upya, maana kipimo cha jana si cha leo.

Sasa narudi kwenye ile karatasi. Nilikwenda ofisini kuiomba, nikanyimwa. Nikamwendea mwakilishi wetu nikamwambia yote, pamoja na habari ya mkono wangu mwenyewe. Si jambo jepesi kusema mbele ya mtu uliyemponza. Mwakilishi akaingia na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19. Mwajiri anaruhusiwa kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la kusudi la mfanyakazi. Kusudi, ndugu zangu. Pleti kuchakaa si kusudi. Makato yakasimamishwa baada ya mwezi mmoja. Pesa ya mwezi ule wa kwanza haikurudi mpaka nilipohama pale.

Lakini nanyi madereva msikilize. Ukiendesha wiki mbili mashine inateleza na hukusema, kisha pleti zikatoka za buluu, mwakilishi atakuwa na kazi ngumu. Siku ile ile inapoanza, andika kwenye kitabu cha gereji, tarehe na maneno mawili: klachi inateleza. Kama hakuna kitabu, andika barua na ubaki na nakala. Na wewe fundi, usitie sahihi mashine ikiwa bado imefungwa.

(Baada ya maneno hayo mwanachama mmoja aliuliza kama ni sawa kuweka washa chini ya springi zilizochoka ili zibane zaidi. Fundi alijibu:)

Washa itakufikisha nyumbani, sikatai, nimefanya hivyo mwenyewe njiani Songhor usiku. Lakini mkono utakuwa mzito, waya utakatika mapema, na ukiweka nene mno springi itafika mwisho na klachi haitaachia, gia zitalia. Tena pleti iliyokwisha inabaki imekwisha. Kesho yake zitoe, ununue springi. Na usimuuzie mtu pikipiki hiyo zikiwa bado zimo.